Maziwa yamekataa kushikana: majibu kwa watengenezaji wa jibini

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka kwa wanaotengeneza jibini nyumbani au katika vyumba vidogo vya kazi, kuanzia mitaa ya Goma hadi vilima vya Masisi. Karibu zote zina kilio kimoja: prezure (dawa ya kushikisha maziwa) ni ile ile, sufuria ni ile ile, lakini leo maziwa yanashikana na kesho yanakataa. Tumechagua sita. Ya kwanza tumeijibu kwa urefu kwa sababu zinazofuata zinaiegemea.

SWALI. Nanunua lita 40 kila asubuhi kwa wauzaji watatu ambao bidoni zao zinakuja na motari kutoka upande wa Sake. Napasha maziwa mpaka digrii 32, naweka prezure ya maji mililita 12. Jumanne yalishikana kwa dakika 35, safi kabisa. Alhamisi saa nzima ilipita, bado yako kama uji. Nilipokata, vipande vilisambaratika na maji yaliyotoka yalikuwa meupe. Aliyeniuzia prezure ananiambia niongeze mara mbili. Nimsikilize?
*Mama wa Katoyi, Goma*

JIBU. Hapana, Mama. Kipimo chako cha mililita 12 kwa lita 40 ni sahihi kwa prezure ya nguvu ya kawaida, ile iliyoandikwa 1:10.000. Kilichobadilika Alhamisi ni maziwa.

Lita moja ya maziwa mazuri ya ng'ombe ina protini gramu 32 hivi. Kati ya hizo, gramu 26 ni kaseini, na zilizobaki ni protini za majimaji, zile zinazoondoka pamoja na maji ya jibini. Jibini ya prezure ni kaseini iliyonasa mafuta. Mafuta yenyewe hayashikani. Yamekamatwa tu, kama sambaza ndani ya wavu. Ndiyo maana maziwa yenye krimu nene juu yanaweza kukuangusha: krimu haikuonyeshi wavu wako una nyuzi ngapi.

Kaseini haielei mojamoja. Imejikusanya katika vifundo vidogo mno, visivyoonekana kwa jicho, vilivyokazwa kwa kalsiamu na fosfati. Ziko aina nne: alfa-s1, alfa-s2, beta na kapa. Kapa ni kidogo kuliko unavyofikiri, karibu gramu 3 tu kwa lita, lakini ndiyo inayokaa juu ya kifundo na kuchomoza nje kama manyoya. Manyoya hayo yanapenda maji na yanafanya vifundo visukumane. Ndiyo sababu maziwa yanabaki kuwa ya maji. Prezure ina kazi moja: kimeng'enya chake, kimosini, kinakata kapa mahali pamoja tu, kati ya kiungo cha 105 na cha 106 katika mnyororo wake wenye viungo 169. Manyoya yanaanguka na kwenda na maji. Vifundo vilivyonyolewa vinagusana, kalsiamu inaviunga, wavu unafumwa.

Hizo ni hatua mbili, kunyoa na kufuma, na kila moja ina njia yake ya kuharibika. Mpaka karibu sehemu tisa kwa kumi za kapa ziwe zimekatwa, hutaona chochote kwenye sufuria. Halafu ghafla maziwa yanabadilika. Ukiongeza prezure unaharakisha kunyoa peke yake. Kama kaseini ni chache, kalsiamu imepungua au sufuria imepoa, prezure ya ziada haileti hata uzi mmoja kwenye wavu. Sehemu yake itabaki ndani ya jibini ikiendelea kukatakata protini, na baada ya wiki chache utakuta uchungu.

Yale maji meupe ndiyo dalili kubwa katika barua yako. Maji ya jibini yakitoka na rangi ya njano inayokaribia kijani na yakiwa maangavu, wavu ulikaza. Yakiwa meupe, kaseini na mafuta uliyolipia yamekwenda na maji.

Sasa acha kuchanganya bidoni za wauzaji watatu kabla ya kuzipima. Anza na laktomita, kile kipimo kinachoelea ndani ya maziwa na kuonyesha uzito wake. Maziwa halisi yanasoma kati ya 1,028 na 1,032 kwenye digrii 20. Yakiwa na joto zaidi, ongeza 0,2 kwenye tarakimu mbili za mwisho kwa kila digrii iliyozidi: ukisoma 28 kwenye digrii 25, hesabu 29. Chini ya 27 baada ya hesabu, shuku maji. Bidoni ambayo sehemu moja kwa kumi ni maji imebaki na kaseini gramu 23 badala ya 26 kwa lita, kalsiamu imepungua vilevile, na ulaini wa mgando unazidi ile asilimia kumi, kwa sababu nyuzi chache zinakutana kwa shida.

Bidoni ikipita hapo, tafuta ugonjwa wa kiwele. Huu unaumiza mtengenezaji wa jibini kuliko maji, kwa kuwa laktomita haiwezi kuuonyesha kwa uhakika. Ng'ombe mwenye uvimbe wa kiwele, hata ule usioonekana kwa nje, anatoa kaseini pungufu, na protini za damu zinaingia ndani ya maziwa. Jumla ya protini inaweza kuonekana ni ile ile huku sehemu yenye faida kwako imepungua. Juu ya hayo, kuna kimeng'enya kutoka kwenye damu, plasmini, kinachokula kaseini ya beta na za alfa tangu ndani ya kiwele. Asidi nayo inabadilika: pH (kipimo cha asidi, kinachopanda asidi ikipungua) ya maziwa mazima ni 6,6 hadi 6,7, lakini ya kiwele kilichougua hupanda kupita 6,8, na kimosini inafanya kazi polepole pH ikipanda. Kipimo rahisi: yeyusha gramu 15 za sabuni ya unga ndani ya nusu lita ya maji. Changanya kiasi sawa cha maji hayo na maziwa kwenye kisahani, zungusha polepole. Yakivutika kama ute au yakafanya nyuzi, hayo maziwa usiyatie kwenye jibini. Muuzaji mwenyewe afanye kipimo hicho kwenye kila chuchu, atajua ng'ombe yupi anahitaji vétérinaire.

Kuna pia ng'ombe aliyezaa karibuni. Maziwa ya siku tano hadi saba za kwanza, yale mazito ya njano, yamejaa protini za kinga na hayafai. Ni ya ndama. Na aliye mwishoni mwa kunyonyesha, karibu kukauka, maziwa yake yana hali inayofanana na ya kiwele kigonjwa. Kidogo ndani ya bidoni kubwa hakisumbui, lakini kama muuzaji ana ng'ombe wawili na wote wanakaribia kukauka, utaona.

Maziwa yakiwa mazima, kagua yanayofanyika jikoni kwako. Prezure ichanganywe na maji baridi safi, mililita zako 12 ndani ya glasi moja, na itumike mara moja. Klori inaiua. Maji ya robine (bomba), na yale ya ziwa yaliyotiwa klori kwa kuzuia kolera, ni salama kunywa lakini ni sumu kwa prezure. Yachemshe robo saa bila kifuniko, yapoe kabisa, au koroga kijiko cha maziwa ndani yake kabla ya kutia prezure, ili klori imalizikie kwenye maziwa hayo. Ukishatia prezure kwenye sufuria, koroga kwa dakika moja, kisha simamisha maziwa yasizunguke. Usiguse tena, wala mtoto asitikise meza. Wavu unaofumwa ukivunjwa haufumwi upya vizuri.

Na joto: hatua ya kufuma inaogopa baridi kuliko hatua ya kunyoa. Chini ya digrii 18 hivi, kapa inaweza kukatwa yote na maziwa yakabaki maji. Asubuhi za baridi, lita 40 ndani ya sufuria nyembamba zinapoa upesi. Funika kwa kifuniko na blanketi, na upime tena joto baada ya nusu saa.

Ukitaka msaada halali, tia kloridi ya kalsiamu ya chakula, gramu 4 hadi 8 kwa lita 40, iliyoyeyushwa katika nusu kikombe cha maji yaliyochemshwa na kupoa, robo saa kabla ya prezure. Usipite hapo: ikizidi, jibini inakuwa ngumu na yenye uchungu.

SWALI. Nina ng'ombe sita, wanne ni wa damu ya Brune na wawili ni weusi-weupe wa Frizoni. Hao wawili wanajaza ndoo, lakini mtengenezaji jibini anayenunua kwangu anasema maziwa yao "ni ya kunywa, si ya jibini". Ni hila ya kushusha bei, au kuna ukweli?
*Papa mfugaji, Mushaki, Masisi*

JIBU. Papa, kuna ukweli, ingawa jina la aina ya ng'ombe halitoshi kuhukumu mnyama mmoja.

Ile kapa tuliyomweleza Mama wa Katoyi haiko sawa kwa ng'ombe wote. Iko ya herufi A, B na E, na kila ng'ombe anapata moja kutoka kwa mama na moja kutoka kwa baba. Anaweza kuwa AA, AB, BB au mchanganyiko wenye E. Wenye B wanatoa kapa zaidi na vifundo vidogo zaidi. Maziwa yao yanashikana upesi, mgando ni mgumu, na mafuta yanayopotea na maji ni machache. E ndiyo dhaifu kuliko zote. Herufi B ni nyingi katika Brune na Jersey. Katika Frizoni A ndiyo imetawala, na E inajitokeza. Katika nchi kama Italia na Uswidi, watafiti wameandika kuhusu ng'ombe wazima kabisa, wasio na ugonjwa, ambao maziwa yao hayashikani ndani ya nusu saa ya kipimo. Kwa hiyo mnunuzi wako hajakutungia uongo.

Lakini Frizoni wako mmoja anaweza kuwa na B, na Brune mmoja akawa AA. Herufi zenyewe husomwa katika maabara kwa unywele wa mkia, na hilo liko mbali na Mushaki. Kinachokuhusu unaweza kukiona kwa chupa sita. Chukua za kioo, zinazolingana, uandike jina la kila ng'ombe. Tia mililita 100 za maziwa ya asubuhi ya kila mmoja, tofauti. Zisimamishe ndani ya beseni la maji ya digrii 35 kwa dakika 20, ukiongeza maji moto kidogokidogo. Pima kwa sirinji mililita 1 ya prezure, changanya na mililita 99 za maji yaliyochemshwa na kupoa, kisha tia mililita 3 za mchanganyiko huo katika kila chupa, kwa haraka, na uandike saa. Inamisha chupa polepole kila dakika moja. Maziwa mazuri yanaanza kuacha punje ndogo kwenye kioo kati ya dakika 10 na 15. Dakika 30 zikifika, pindua chupa: mgando mzuri unashikilia chini ya chupa, dhaifu unateleza, mbaya unamwagika.

Rudia siku tatu tofauti kabla ya kuamua, na kwanza upime kila kiwele kwa maji ya sabuni, maana ugonjwa unaiga kabisa udhaifu wa damu. Angalia pia majani: kati ya Juni na Agosti, nyasi zikikauka na ng'ombe akakosa nguvu, kaseini inashuka kwa wote. Usimhukumu mnyama kwa maziwa ya kiangazi peke yake.

Ukishajua, usiuze wale wawili. Maziwa mengi ya kunywa yana soko mjini Goma. Tenganisha bidoni: ya jibini na ya kunywa. Kwa ndama wajao, chagua dume ambaye mama yake na dada zake wanashikisha vizuri. Ukipata mbegu ya kupandikiza, orodha nyingi huandika kapa-kaseini ya dume. Dume wa BB kwa ng'ombe wa AA atakupa ndama wote AB. Hao wakipandwa tena na BB, nusu wanaweza kuwa BB. Ni kazi ya miaka, lakini ni kazi inayobaki katika kundi.

SWALI. Ninaogopa magonjwa ya maziwa mabichi, kwa hiyo ninachemsha mpaka yapande ndiyo nipoze na kutia prezure. Hayashikani kamwe. Nikijaribu ya pakiti ya dukani ni vile vile.
*Kijana wa Himbi, Goma*

JIBU. Hofu yako ni ya haki, ndugu yetu, na usiiache: brusela na kifua kikuu vya ng'ombe vinapita katika maziwa mabichi. Lakini umevuka joto linalotakiwa. Digrii 63 kwa dakika 30 zinatosha kuua vijidudu hivyo. Kuanzia digrii 75 na kuendelea, protini moja ya majimaji, beta-laktoglobulini, inafunguka na kujishona juu ya kapa kwa vifungo vya salfa. Kimosini inakatishwa njia, na hata vifundo vilivyonyolewa havigusani kwa sababu vimevaa koti. Wakati huo huo kalsiamu inageuka kuwa ya aina isiyofanya kazi. Kloridi ya kalsiamu inasaidia kidogo, koti haliondoki. Maziwa ya pakiti yanayokaa miezi bila baridi yamepita digrii 135, na hayo usiyapotezee prezure.

Hakikisha kipimajoto chako hakidanganyi. Goma iko kwenye mita 1.500 hivi juu ya bahari, maji yanachemka kwenye digrii 95, si 100. Kikisoma 100 ndani ya maji yanayochemka hapa, kinaongeza digrii tano. Masisi juu, kwenye mita 2.000, yanachemka karibu na 93.

Maziwa uliyokwisha kuchemsha usiyamwage. Yakiwa bado na digrii 85 hadi 90, mimina maji ya limau yaliyochujwa, vijiko vitatu vya chakula kwa lita, ukikoroga polepole. Hapo hutegemei kimosini: asidi inaondoa chaji ya vifundo, na ile protini iliyojishona inabaki ndani badala ya kuondoka na maji. Utapata jibini laini nyeupe ya kula ndani ya siku tatu au nne. Haiwezi kuwa jibini ya gurudumu kama ile ya Masisi.

SWALI. Nikikusanya maziwa siku mbili ndani ya frigo, mgando unakuwa laini. Yamechacha?
*Dada wa Sake*

JIBU. Si lazima. Kwenye digrii 4, kaseini ya beta inatoka ndani ya vifundo na kuelea peke yake, na sehemu ya kalsiamu inayovikaza inayeyuka. Ukiyapasha digrii 63 kwa nusu saa, sehemu kubwa inarudi mahali pake. Kisha tia kloridi ya kalsiamu, gramu 0,1 hadi 0,2 kwa lita. Usivuke siku mbili, kwani kuna vijidudu vinavyopenda baridi, na vimeng'enya vyao vinakula kaseini hata baada ya vyenyewe kufa kwa joto.

SWALI. Maziwa ya mbuzi yanashikana haraka kuliko ya ng'ombe, lakini nikikata yanakuwa kama maharagwe yaliyopondwa. Ninakosea wapi?
*Msomaji wa Rutshuru*

JIBU. Hukosei. Mbuzi wengi wana kaseini ya alfa-s1 kidogo, na wengine karibu hawana. Ndiyo inayotoa ugumu wa mgando. Kunyoa ni kwepesi, wavu ni mlegevu. Usiige vipimo vya ng'ombe: shusha joto hadi digrii 30, tia kloridi ya kalsiamu, ngoja mgando ukaze zaidi kabla ya kukata, kata vipande vikubwa vya sentimita 2, viache vipumzike dakika tano, kisha ukoroge kwa mkono mwepesi. Usikandamize kwa uzito mkubwa siku ya kwanza. Kwa jibini ngumu, kuchanganya nusu kwa nusu na maziwa mazuri ya ng'ombe kunaleta wavu wa kutosha, na ladha ya mbuzi inabaki. Kama ni ya mbuzi tupu, tungekushauri jibini laini. Hapo ulegevu wake ni sifa.

SWALI. Mnasema "kata mgando ukiwa tayari". Tayari ni dakika ngapi?
*Mtengenezaji wa Ngungu*

JIBU. Dakika zinabadilika na maziwa, na kukata kwa saa ya ukutani ndiko kunakopoteza jibini nyingi. Tumia kibakuli chepesi cha plastiki, safi. Kielee juu ya maziwa mara baada ya kutia prezure, na kila dakika ukisukume kidogo kwa kidole kizunguke. Mara maziwa yanapoanza kushikana, kibakuli kitagoma kuzunguka. Andika dakika hizo tangu prezure ilipoingia, kisha zidisha kwa 3. Kikigoma kwenye dakika ya 13, kata kwenye ya 39. Kikigoma kwenye ya 18, ngoja mpaka ya 54. Kabla ya kukata, ingiza kisu kwa mshazari na uinue: mgando upasuke mstari mmoja safi, na maji yatakayojaa ndani ya ufa yawe maangavu. Ufa ukiwa na kingo za chembechembe na maji meupe, ngoja dakika tano na ujaribu mahali pengine.

Kibakuli kisipogoma mpaka dakika ya 25, andika tarehe na majina ya waliokuletea maziwa asubuhi hiyo, na kesho upime bidoni zao mojamoja.